Pombe Haishiki Kisu

Wiki iliyopita nilikuwa mahakamani. Msiwe na wasiwasi, sikushtakiwa, nilikwenda kikazi kama kawaida yangu, daftari mkononi na njaa tumboni. Kesi yenyewe haikuwa ya kigogo wala ya mabilioni, kwa hiyo waandishi tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa anasinzia.

Kizimbani alisimama kijana wa rika langu. Alikuwa ameshtakiwa kwa mauaji, lakini siku hiyo shtaka likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, akakiri. Wakili wa Serikali akasoma maelezo ya kesi. Watu wawili wamekunywa baa tangu mchana. Jioni wakagombana kwa sababu ya chenji ya shilingi elfu mbili. Wakaamuliwa. Mmoja akainuka, akaenda mpaka kwenye jiko la mchoma nyama, akachukua kisu, akarudi, akamchoma mwenzake kifuani. Kisa elfu mbili, jamani!

Ikaja zamu ya wakili wa utetezi kuomba mteja wake apunguziwe adhabu. Mheshimiwa Jaji, huyu ni mkosaji wa mara ya kwanza. Amekaa mahabusu miaka mitatu. Hakuisumbua mahakama. Ana mke na mtoto wanaomtegemea. Na siku ya tukio alikuwa amelewa chakari, hakuwa yeye.

Hakuwa yeye. Sasa alikuwa nani?

Jaji akasema amezingatia yote hayo, pamoja na ulevi. Miaka minne. Watu wakainuka, tukatoka.

Nje, chini ya mti, nikamkuta mama wa marehemu amekaa na kanga yake kichwani. Nikamwambia shikamoo mama, pole sana. Akaitikia marahaba, halafu akaniuliza swali ambalo limeninyima usingizi mpaka leo: "Mwanangu, kwani leo imehukumiwa pombe?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi kwenye chumba cha habari nikaandika aya nne, na kesho yake zikatoka na kichwa kinachosema pombe imeua. Yaani hata mimi, niliyesikia habari ya kisu kwa masikio yangu, nikaipandisha pombe kizimbani na kumshusha mtu. Kwa hiyo leo najilaumu mimi kwanza kabla sijamfikia mwingine.

Hebu tuangalie sheria inasemaje, maana wengi wetu tunabishana vijiweni bila kuisoma. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kwenye kifungu cha 14, inasema wazi kwamba ulevi si kinga ya kosa la jinai. Kuna milango miwili tu ya kuponea: uwe umeleweshwa na mtu mwingine bila ridhaa yako kiasi cha kutojua unalolitenda, au ulevi uwe umekufikisha kwenye wazimu. Zaidi ya hapo, mahakama inaruhusiwa kuuangalia ulevi inapopima kama mshtakiwa alikuwa na nia.

Na hapa ndipo penye hoja yangu. Kuuangalia ulevi kwenye nia ndiko kunakoweza kulitoa kosa kwenye mauaji, ambayo adhabu yake ni kunyongwa, na kulipeleka kwenye kuua bila kukusudia, ambako adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha lakini jaji ana uhuru wa kushuka chini kadiri anavyoona. Huo ni msamaha mkubwa mno. Ni kutoka kwenye kitanzi! Sawa, mpeni. Lakini mtu akishapewa msamaha huo kwa sababu ya chupa, iweje wakati wa adhabu chupa ile ile iletwe tena kuombea msamaha wa pili? Huko ni kulipwa mara mbili kwa risiti moja.

Rafiki yangu mmoja wakili alinicheka nilipomwambia haya. Akasema mtu aliyelewa hawezi kulinganishwa na aliyepanga kuua akiwa na akili timamu. Nakubali kabisa, kaka. Ndiyo maana kuna makosa mawili tofauti. Tofauti hiyo imeshahesabiwa, usiihesabu tena.

Tena tazameni tunavyojichanganya. Dereva akilewa akagonga mtu, nani anathubutu kusimama mahakamani na kusema mhurumieni, alikuwa amelewa? Kuendesha gari ukiwa umelewa ni kosa lenyewe, hata kama hujamgusa kuku. Kwenye usukani ulevi unamwongezea mtu kosa, kwenye kisu unampunguzia. Marehemu wa barabarani ana thamani kuliko marehemu wa baa?

Wenzetu wa England na Wales wameliona hili. Miongozo yao ya adhabu inaweka kutenda kosa ukiwa umelewa miongoni mwa mambo yanayoongeza uzito wa kosa. Na kwa wakosaji wasiopelekwa jela moja kwa moja, tangu Oktoba 2020 kule Wales na Machi 2021 kule England, mahakama inaweza kumkataza mtu pombe hadi siku 120 huku amevalishwa mguuni kifaa kinachopima jasho lake. Sisemi tuagize vifaa. Nasema wao wanamwambia mlevi kwamba unywaji wako ni jukumu lako.

Najua kuna watakaosema mimi ni mkatili, magereza yamejaa, na huyo kijana ni maskini. Sitaki anyongwe. Nchi hii haijanyonga mtu tangu 1994 na mimi siombi ianze leo. Miaka yake mitatu ya mahabusu ihesabiwe. Kukiri kwake kuhesabiwe. Mke na mtoto wahesabiwe. Hayo ni ya haki. Ninachokataa ni kimoja tu: pombe isihesabiwe upande wake. Na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inairuhusu mahakama kuamuru fidia, lakini siku ile sikusikia mtu akilitaja neno hilo mbele ya mama aliyekuja kwa daladala mbili.

Wengine watasema tatizo ni pombe yenyewe, ipigwe marufuku. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017. Je, visu viliacha kutembea? Siku ile baa ilikuwa imejaa watu waliokunywa bia zile zile, mchana ule ule, na waliokuwa na madai ya chenji hawakukosekana. Aliyeinuka kwenda kwenye jiko la mchoma nyama ni mmoja. Aliijua njia ya kwenda, akajua achukue kisu na si kijiko, akairudia meza ile ile na mtu yule yule. Mtu wa namna hiyo alikuwa yeye kabisa.

Kwa hiyo mama, kama kuna atakayekusomea haya, jibu langu limechelewa lakini hili hapa. Ndiyo, siku ile ilihukumiwa pombe. Mwanao alistahili ahukumiwe mtu.