Barbados haitaki visa, lakini njia ya kufika inataka

MTANZANIA, Mkenya au Mganda mwenye pasipoti hai hahitaji visa kuingia Barbados kwa matembezi. Nchi hizo tatu ni wanachama wa Jumuiya ya Madola, na kisiwa hicho cha Karibiani huwapokea raia wa nchi nyingi za jumuiya hiyo bila kuwapeleka kwanza ubalozini. Ofisa uhamiaji hutazama pasipoti, huuliza maswali machache, kisha huamua mgeni akae muda gani.

Ni kisiwa kidogo. Eneo lake ni kilomita za mraba 431, hata nusu ya Pemba haifiki, na wakazi wake ni takriban 280,000. Sehemu kubwa ya chakula chao huagizwa kutoka nje, kama ilivyo kwa majirani wengi. Nchi za CARICOM zilijiwekea lengo la kupunguza gharama za kuagiza chakula kwa asilimia 25 ifikapo mwaka 2025, na mwaka ulipofika zikalisogeza hadi 2030. Mtu mwenye kahawa, chai, korosho au viungo vya kuuza angedhani hapo ndipo mahali pa kwenda kubisha hodi.

Lakini ni wafanyabiashara wangapi wa Moshi, Meru au Mbale waliowahi kukanyaga Bridgetown? Wachache mno, na sababu haipo Bridgetown.

Chukua mfano wa mwenye kiwanda kidogo cha kukaanga kahawa Moshi, ambaye hoteli moja ya Barbados imemwomba aende na sampuli. Amesoma kwamba visa haitakiwi, akakata tiketi ya bei nafuu aliyopewa na wakala, ya kupitia London. Siku ya safari anazuiwa kaunta. Uingereza inawataka raia wa Tanzania, na vilevile wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, wawe na visa ya kupita hata kama hawatatoka nje ya uwanja wa ndege. Wapo wanaosamehewa, kwa mfano baadhi ya wenye visa hai ya Marekani au Kanada, lakini mkaanga kahawa wa Moshi kwa kawaida si mmoja wao. Tena akipewa tiketi inayomshusha Heathrow na kumpandisha Gatwick, visa ya ndani ya uwanja haimsaidii kitu, maana kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine ni kuingia Uingereza.

Akigeukia Marekani mambo ni mazito zaidi. Kule hakuna abiria wa kubaki ndani ya uwanja akisubiri ndege ya pili. Kila anayeshuka hupita kwa ofisa uhamiaji, kwa hiyo lazima awe na visa ya Marekani, ya kupita au ya kutembea. Ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, imefupisha safari lakini haikuondoa sharti hilo. Kanada nayo huwadai visa ya kupita.

Njia inayobaki na unafuu ni ya bara la Ulaya. KLM, ambayo huja Nairobi na Dar es Salaam, ilianzisha safari za Amsterdam hadi Bridgetown mwaka 2021, ingawa ratiba hubadilika kwa msimu. Orodha ya pamoja ya nchi za Schengen ya wanaotakiwa kuwa na visa ya kupita uwanjani haina Tanzania wala Kenya. Mkongomani yumo. Hata hivyo kila nchi ya Schengen ina ruhusa ya kuongeza majina yake, na Hispania iliiongeza Kenya mwaka 2024. Aliyepita Madrid salama mwaka 2023 asimwambie mwenzake kwamba njia ni nyeupe.

Hapa ndipo hesabu ya safari inapopinda. Msafiri huuliza masharti ya nchi anayokwenda, akasahau kuuliza masharti ya nchi anayopita. Wakala wa tiketi naye mara nyingi hamwambii, kwa kuwa yeye huuza kiti tu. Hasara yote humwangukia msafiri, kuanzia nauli isiyorudishwa, hoteli iliyolipiwa, hadi mnunuzi aliyemsubiri na kukata tamaa.

Barbados yenyewe haina sababu ya kuwafukuza watu. Miwa ilianza kutawala mashamba yake katika miaka ya 1640, ikilimwa na watumwa kutoka Afrika, na kwa karne tatu sukari ndiyo iliyoamua nani ale na nani alale njaa. Leo fedha za kigeni huletwa zaidi na watalii, na wageni wengi hutoka Uingereza, Marekani na Kanada. Serikali inayoishi kwa wageni hupanga masharti ya mlangoni kama mwenye duka anavyopanga bei. Julai 2020, hoteli zilipokuwa tupu kwa sababu ya korona, ilitangaza kibali cha miezi 12 kwa mtu anayefanya kazi kwa mtandao akilipwa na mwajiri wa nje. Ada ilikuwa dola 2,000 za Marekani kwa mtu mmoja, na mwombaji alitakiwa kuonyesha kipato cha angalau dola 50,000 kwa mwaka. Ni dhahiri ni mgeni wa aina gani aliyekuwa akitafutwa.

Itakumbukwa pia Kombe la Dunia la kriketi la mwaka 2007. Nchi kumi za Karibiani, Barbados ikiwamo, zilijifanya eneo moja kwa miezi michache na kutoa visa ya pamoja kwa dola 100. Waingereza, Wamarekani, Waafrika Kusini na raia wa nchi nyingine chache walisamehewa. Wakenya, ambao timu yao ilicheza St Lucia katika mashindano hayo hayo, hawakuwa katika orodha ya waliosamehewa. Katikati ya Mei 2007 mpango ule ulikwisha na kila kisiwa kikarudi kwenye sheria zake. Jambo moja lilionekana wazi: visiwa hivi vikitaka, vinaweza kubadili mlango kwa muda mfupi. Tangu Oktoba 1, 2025, Barbados, Belize, Dominica na St Vincent zimeruhusu raia wao kuishi na kufanya kazi katika nchi yoyote kati ya hizo nne bila kibali. Mgeni kutoka Afrika hahusiki na ruhusa hiyo. Yeye bado anapaswa kuuliza kisiwa kimoja kimoja.

Kwa aliyefanikiwa kufika, masharti ya Barbados si ya kutisha. Awe na tiketi ya kurudi au ya kuendelea mbele, aweze kuonyesha atakapolala na uwezo wa kujigharimia, na ajaze fomu ya uhamiaji na forodha kwa mtandao siku chache kabla ya kutua. Masharti ya korona yaliondolewa Septemba 2022. Anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, na Kenya imo katika nchi hizo, atatakiwa cheti cha chanjo. Cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni cha maisha, hivyo mwenye kitabu cha zamani asitozwe fedha ya kuchanjwa upya. Mtanzania anayeunganisha ndege Nairobi ni heri akibebe, maana saa nyingi za kusubiri pale zinaweza kumfanya ahesabiwe kama aliyetoka Kenya. Nguo za mabakamabaka ya jeshi ni marufuku kwa raia, mpaka za watoto. Mtanzania hatashangaa sana.

Mkulima na mfanyabiashara wa mazao wana mlango wa pili, na huo haufunguliwi na pasipoti. Mwaka 2000 konokono mkubwa wa Afrika aligunduliwa Barbados. Asili yake ni Afrika Mashariki, yaani ni mwenyeji wa pwani ya Kenya na Tanzania, na kabla ya hapo alikuwa ameshavamia Guadeloupe na Martinique. Hakuna aliyemgongea muhuri. Anakula mboga, miche ya mipapai, maua na karibu kila jani laini, anataga mayai kwa mamia, na mvua ikinyesha hujaa barabarani na kwenye kuta za nyumba. Serikali ya kisiwa imetumia fedha na nguvu za watu kwa miaka mingi kumtega na kumkusanya, na bado yupo. Kabla yake, mwaka 1994, mdudu wa waridi anayenyonya utomvu wa hibiskasi aliingia Grenada na baadaye akasambaa visiwani.

Kwa nchi ndogo kiasi hicho, mdudu mmoja ndani ya kifurushi cha miche ni hasara ya taifa zima. Ndiyo maana mimea, mbegu, matunda mabichi na udongo haviingii bila kibali cha kuingiza kutoka Wizara ya Kilimo ya Barbados na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi mzigo ulikotoka. Kwa Tanzania cheti hicho hutolewa na TPHPA, kwa Kenya ni KEPHIS. Mkaanga kahawa wa Moshi ana unafuu akibeba kahawa iliyokaangwa na kufungwa vizuri, na aitaje kwenye fomu. Akibeba kahawa ghafi kilo mbili kwenye begi bila karatasi, atakuwa ameruka vizuizi vyote vya London na Amsterdam ili sampuli yake ikaishie kwenye tanuri la karantini.

Serikali za pande mbili zimekutana zaidi ya mara moja. Viongozi wa Afrika na CARICOM walifanya mkutano wao wa kwanza Septemba 2021, kwa njia ya mtandao, na wa pili Addis Ababa mwaka 2025. Afreximbank ilifungua ofisi Bridgetown Agosti 2023. Hotuba zilikuwa nzuri na ofisi ina kazi. Lakini benki inaweza kumkopesha muuza kahawa mtaji na mtu huyo bado akashindwa kupanda ndege kwa kukosa visa ya nchi ambayo hana shida nayo.

Suluhisho linajulikana, nalo ni ndege inayovuka Atlantiki bila kupanda kaskazini. Kutoka Dakar hadi Bridgetown ni kama kilomita 4,500, wakati kutoka London ni zaidi ya 6,700. Desemba 2020 ndege ya kukodi iliruka moja kwa moja kutoka Lagos hadi Montego Bay, Jamaika, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema haiwezekani. Ugumu ni abiria, kwa kuwa hakuna shirika litakaloweka ndege ya kila wiki kwa watu ishirini. Serikali zinazopenda kutangaza urafiki na Karibiani zingeanza kwa kukodi ndege mbili kwa mwaka, zikipangwa na msimu wa maonyesho ya biashara, mizigo chini na abiria juu. Wakati hilo likisubiriwa, wizara za mambo ya nje za Dar es Salaam na Nairobi zina kazi isiyohitaji bajeti: kuchapisha, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unaoonyesha kila njia ya kwenda Bridgetown na visa inayodaiwa katika kila kituo, na kuurekebisha kila Madrid au London wanapobadili orodha zao.