Ndege Ndogo na Wingu la Radi

Abiria wanaongoja katika kiwanja kidogo kando ya Ziwa Victoria, huku ndege ya injini moja imesimama mbele yao na rubani anatazama tu mbinguni, hawakawii kunung'unika. Mvua haijafika, wingu liko mbali, juu ya maji. Manung'uniko hayo yanaeleweka, lakini nayo ni sehemu ya hatari, kwani rubani ni binadamu na huona haya.

Wengi huogopa umeme wa radi. Umeme huweza kuharibu vyombo, au kumtia rubani kiwi usiku, lakini aghalabu hupita juu ya bati la ndege bila kuwadhuru waliomo. Wa kuogopwa zaidi ni upepo. Kilo moja ya mvuke inapogeuka matone hutoa joto lipatalo jouli milioni 2.5. Joto hilo huifanya hewa iwe nyepesi, ikapaa kwa nguvu hata kilele cha wingu, katika nchi za joto, kikapita kilometa 15. Ndege ya viti vinne kama Cessna 172 haifikii hata theluthi ya kimo hicho. Haiwezi kuliruka wingu. Kisha mvua na mawe huiburuta hewa nyingine chini, ubavuni mwa ile inayopaa.

Mwanafunzi na afanye hesabu. Ndege hiyo hupanda kwa mita 3.5 hivi kila sekunde, tena hapo ni usawa wa bahari, na ziwa liko mita 1,134 juu yake. Ikiingia katika hewa inayoshuka mita 10 kwa sekunde, itazama mita 6.5 kila sekunde ijapokuwa injini yake yanguruma kwa nguvu zote. Ikiwa ilikuwa mita 300 juu ya maji, imebakiwa na sekunde 46.

Hata ndege kubwa hazikusalimika. Tarehe 24 Juni 1975, Boeing 727 ilianguka ikikaribia kutua New York penye dhoruba ya radi. Walikufa watu zaidi ya 100. Profesa Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeichunguza ajali hiyo, alieleza jinsi hewa inayoporomoka toka wingu inavyoipiga ardhi na kutawanyika pande zote, mfano wa maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Ndege hukutana kwanza na upepo wa mbele, ikainuka, na rubani akadhani ana nguvu za ziada. Punde upepo humjia kwa nyuma, mabawa yakakosa hewa ya kuyabeba.

Ziwa Victoria lina desturi yake. Usiku pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa na kujenga mawingu hayo. Mchana upepo wa ziwa huyajenga barani. Wavuvi walilijua hilo kabla ya rada. Tajiri wa ndege anayepanga ratiba isiyo na nafasi ya kungoja hana udhuru wa kutolijua.

Marubani wa Marekani hushauriwa wakae maili 20 au zaidi kutoka dhoruba kali ya radi. Ngurumo, kwa kawaida, haisikiki hata maili 20. Basi abiria anayeisikia, huku akiuliza mbona hawaondoki, amekwisha kujibiwa.