MASHAURI KWA WENYE MALORI: Tazama Kwanza, Ndipo Ufungue

Lori la mkulima ni miguu yake. Kabichi za Kinangop zikikatwa leo, kesho hutakiwa sokoni Nairobi. Zikikawia njiani huoza, na jasho la miezi mingi hupotea bure. Kwa hiyo klachi inapoanza kuteleza, lori likawa linanguruma mlimani bila kupanda, mwenyewe humkimbilia fundi na kumhimiza afanye upesi. Fundi naye hushika spana mara moja. Hapo ndipo hasara nyingi huanza, wala si katika klachi yenyewe, bali katika bomba jembamba la mafuta yake.

Yafaa kwanza kufahamu kazi ya bomba hilo. Dereva akanyagapo klachi, masta ya juu husukuma mafuta ya breki ndani ya bomba, nayo mafuta hayo huisukuma masta ya chini iliyo kwenye giaboksi. Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, alieleza kwamba maji yaliyofungiwa chomboni yakisukumwa mahali pamoja, msukumo huo huenea sawasawa pande zote. Mafuta hayashindiliki, lakini hewa hushindilika. Basi hewa ikiingia bombani, hata kidogo, kanyagio huzama mpaka chini na klachi isiachie, na gia hulia au hukataa kuingia.

Fundi mwenye haraka hulifungua bomba kabla ya kushusha giaboksi, akidhani hakuna njia nyingine. Lakini katika malori mengi masta ya chini imefungwa nje ya giaboksi kwa bolti. Hapo yatosha kuzitoa bolti hizo, kuisogeza masta pamoja na bomba lake, na kuifunga kwa waya kwenye chesisi ili isining'inie. Mafuta hayamwagiki, wala hewa haipati mlango. Ila mtu yeyote asikanyage klachi wakati huo, kwa sababu pistoni itaruka nje, na faida yote itapotea. Ni vema milango ya lori ifungwe, maana utingo na watoto hupenda kupanda na kuchezea kanyagio.

Yako pia magari ambayo masta ya chini imo ndani, imeizunguka shafti ya giaboksi. Hayo hayana budi kuachanishwa bomba lake. Katika pikapu za Ford Ranger zilizouzwa Marekani katika miaka ya 1990, kwa mfano, bomba halikufungwa kwa nati. Lina kiungo chenye pete nyeupe ya plastiki. Pete husukumwa kuelekea giaboksi, na papo hapo bomba huvutwa. Avutaye kwa nguvu bila kuisukuma pete huvunja kiungo. Tena, kwa kuwa masta hiyo haifikiwi mpaka giaboksi ishushwe, mwenye busara hutia mpya pamoja na klachi pleti mpya, asije akalipa kazi ile ile mara mbili.

Penye nati, fundi aondoe vumbi kwanza. Kisha atumie spana mbili, moja ya kushikilia mpira na moja ya kufungua nati, ili mpira usijipinde. Koleo huharibu pembe za nati. Ncha ya bomba izibwe mara moja kwa kizibo safi. Mafuta ya breki huharibu rangi ya gari, na yakidondokea klachi pleti huifanya ishike vibaya. Yanaporudishwa, yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kama DOT 3 au DOT 4, tena ya kopo jipya, kwa kuwa kopo lililoachwa wazi hunyonya unyevu. Mafuta ya injini yasitiwe humo kamwe. Huvimbisha na kuharibu mipira ya masta.

Bomba lililofunguliwa ni lazima litolewe upepo. Mmoja hukanyaga klachi na kuishikilia. Mwenzake hufungua kijinati cha masta ya chini, mafuta na hewa hutoka, naye hukifunga kabla kanyagio halijaachiwa. Kazi hurudiwa mpaka mafuta yatoke bila mapovu, na wakati wote chombo cha juu kisiachwe kukauka.

Kuuliza si ujinga, na mwenye lori hahitaji kuwa fundi ili aulize neno moja kabla spana haijagusa nati:

"Fundi, masta ya chini iko nje au ndani?"

"Iko nje, Mzee."

"Basi bomba liache lilivyo."

Maneno hayo machache huweza kuokoa siku nzima, na kabichi zikafika sokoni zingali mbichi.