Watoto Wafundishwe Kukata



Kila mwaka watoto wa skuli hupewa miche wakapande, na mwito ni ule ule: kata mti, panda mti. Hatuna ugomvi na kupanda. Twauliza tu, nani awafundishaye kukata?

Tutazame bara kidogo, huko Keza, wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, nchi ya vilima na miti ya pori inayopakana na Biharamulo. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilaya hiyo kwa muda wa siku moja hivi. Walitaka kupika, wala hatuwalaumu. Mwenye njaa hukata kilicho karibu. Ilikisiwa kuwa kambi za Kagera zilichoma zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Vilima vingi vilivyozizunguka vikabaki uchi.

Mtoto aliyezaliwa Keza mwaka ule sasa ni mtu mzima, na huko kuni na mkaa bado ndio moto wa jikoni. Kumwambia mwanawe asikate kabisa ni kupoteza maneno. Afundishwe. Miti mingi ya pori huchipua kisikini ikiwa imekatwa kwa chombo kikali, mkato ukainama maji yasituame, gome lisichanike, na kisiki kisichomwe moto. Machipukizi yakiwa mengi hupunguzwa, yakabaki mawili matatu yenye nguvu. Mti mkubwa wa mbegu huachwa. Hayo mtoto wa darasa la tano huyashika kwa asubuhi moja, akionyeshwa kwa mkono.

Na huku kwetu? Mkarafuu haukatwi kwa kungojea uchipue, lakini nao huvunwa, na uvunaji wetu twaujua ulivyo. Kijana yuko juu, vishada viko mbali, basi huvuta tawi mpaka lilie. Apata pishi yake leo. Tawi lile limekwisha, na jeraha hukaribisha maradhi. Mwakani twalaumu mvua! Upembo upo, kamba ipo, ila hakuna aliyemwonyesha.

Twaiomba Kamati ionane na walimu wakuu kabla ya msimu kuanza. Kila skuli iliyo karibu na mashamba itengewe mikarafuu michache ya kujifunzia, na mchumaji mmoja mzee alipwe posho awafundishe. Wako watakaouliza fedha itoke wapi. Na waulize mkutanoni, tupige kura.