Toa Maji Kwenye Trela Kabla ya Usiku wa Kwanza wa Barafu

Ndugu mliopo Minnesota, Iowa, Maine, Alberta na kwingineko Amerika Kaskazini, kama mna trela la kambi, maji yaliyobaki ndani ya mabomba yake yatolewe sasa. Msingoje wikiendi ijayo. Calgary huweza kupata usiku wa kugandisha tangu Septemba, na Minnesota mara nyingi haimalizi Oktoba bila kuuona. Mivujo mingi ambayo watu huigundua mwezi wa Mei, wanapofungulia maji kwa ajili ya safari ya kwanza, ilianza usiku mmoja wa mwaka uliopita, wenyewe wakiwa wamelala.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakikosa pa kwenda huvunja kinachoyazuia. Matrela ya siku hizi yana mabomba ya plastiki ya PEX ambayo hunyumbuka, basi wengi hudhani yatastahimili baridi. Bomba lenyewe mara nyingi hustahimili kweli. Vinavyopasuka ni vile vilivyoungwa nalo: kona za plastiki, kichwa cha pampu, vali ya choo, koki ya shawa, kikombe cha chujio, tangi la maji moto. Ufa huweza kuwa mwembamba kama unywele, na kwa kuwa hakuna anayefungulia maji majira yote ya baridi, hauonekani mpaka siku presha inaporudi.

Walioko kusini wasijione wamesalimika. Februari 2021 baridi kali iliishukia Texas, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, na tarehe 16 uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth ulipima nyuzi 19 chini ya sifuri za Selsiasi. Nyumba za matofali zilipasuka mabomba. Ukuta wa trela ni mwembamba kuliko wa nyumba yoyote kati ya hizo, na mabomba yake hupita sakafuni na kwenye pembe za makabati ambako joto la hita halifiki vizuri hata hita ikiwa inafanya kazi.

Kama unasoma haya jioni na utabiri unasema usiku wa leo utashuka chini ya sifuri, fanya haya kabla ya kulala. Funga maji ya nje na uchomoe mpira. Zima hita ya maji upande wa gesi na upande wa umeme, uiache ipoe. Fungulia tangi la maji safi limwagike, kisha zile koki mbili ndogo za chini ya trela, ya maji moto na ya maji baridi, ambazo kazi yake ni kumwaga maji ya mabomba. Fungua koki zote za ndani ili hewa iingie na maji yashuke, ukanyage kikanyagio cha choo mpaka choo kisitoe kitu. Washa pampu kwa sekunde chache iteme yaliyobaki, uizime. Hita ikishapoa na presha ikishatoka, ondoa kizibo chake cha nje, ukisimama kando. Tafadhali usikiguse kizibo hicho maji yakiwa bado ya moto: yatakurukia na kukuunguza vibaya. Acha koki zote wazi usiku kucha.

Hiyo ni huduma ya dharura tu. Maji hubaki kwenye mabonde ya mabomba, na hayo machache yanatosha kuvunja kona moja. Kazi kamili ina njia mbili. Ya kwanza ni kupuliza kwa kompresa kupitia mahali pa kuingizia maji, presha ikiwa paundi 30 hadi 40 kwa inchi ya mraba, ukifungua koki moja moja. Wapo wanaoachia kompresa itoe nguvu zake zote kama wanajaza tairi la lori, na wanavunja wenyewe kile walichotaka kukilinda. Ya pili ni kuvuta dawa ya kuzuia kuganda kwa pampu ya trela mpaka kila koki itoe rangi ya waridi. Mimi nashauri zote mbili kwa wanaoishi kaskazini, hewa kwanza na dawa baadaye.

Kuhusu dawa hiyo, nisikilizeni vizuri. Inayotakiwa ni ile ya waridi ya matrela, iliyotengenezwa kwa propileni glaikoli. Ile ya rejeta ya gari kwa kawaida ina ethileni glaikoli, ambayo ni sumu inayoua figo. Kiasi kidogo kinaweza kumwangamiza mtoto au mbwa, na ladha yake ni tamu. Kamwe isiingie kwenye mabomba ya maji ya kunywa, hata kama ndiyo pekee iliyobaki gereji. Soma chupa, usiamini rangi peke yake. Kabla ya kuvuta dawa, geuza vali za hita ili dawa iipite bila kuingia, la sivyo tangi la lita 23 litameza dawa yote uliyonunua na bado mabomba yatabaki na maji.

Sehemu zinazosahaulika ndizo zinazotoa mvujo wa Mei. Shawa ya nje, ile iliyo ndani ya kijimlango ubavuni, inaongoza. Inafuata vali ndogo ya mahali mpira wa maji unapochomekwa: zima pampu, punguza presha kwa kufungua koki moja, toa kichujio chake cha wavu, kisha ubonyeze katikati mpaka itoke waridi. Chujio la maji litolewe kabisa. Kona zilizo chini ya sinki na shawa, zile zinazoshika maji ili harufu isipande, zimiminiwe kikombe cha dawa kila moja. Mwenye mashine ya barafu au ya kufulia asiiache.

Naisisitiza kazi hii kwa sababu mvujo wa trela hauishii kwenye bomba. Sakafu za matrela mengi ni plaiwudi au mbao za chembe zilizogandishwa kwa gundi, na kuta zake ni tabaka jembamba la mbao lililobandikwa. Gundi ikilowa huachia. Mbao huvimba na kisha huoza. Chini ya trela mara nyingi kuna ngozi ya plastiki inayofunika mabomba, nayo hukusanya maji yaliyovuja na kuyashika pale pale dhidi ya sakafu, mbali na macho yako. Mamlaka ya mazingira ya Marekani hushauri kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 kabla kuvu hawajaota. Trela lililoegeshwa huweza kukaa limelowa miezi. Watoto watakaolala humo watavuta hewa yenye kuvu hao usiku kucha, na mwenye pumu ndiye ataumia kwanza.

Kuna na umeme. Kifaa kinachobadilisha umeme wa gridi kuwa volti 12 kwa kawaida hufungwa chini, karibu na sakafu. Ukikuta maji yamefika huko, kata umeme kwenye nguzo ya kambi kwanza, ndipo uchomoe waya na utoe kichwa cha betri. Usikanyage ndani kwenye maji kabla ya hapo.

Machipuko yakifika, usiweke maji ya kambi moja kwa moja. Jaza tangi kidogo, washa pampu, toa hewa kwenye kila koki, kisha zifunge zote na ukae kimya. Pampu ikifikia presha yake itanyamaza. Ikianza kunguruma tena kwa muda mfupi bila mtu kutumia maji, presha inapotea mahali. Huenda ni mvujo, huenda ni vali ya ndani ya pampu inayorudisha maji tangini. Ili kujua, zima pampu na uunge maji ya nje: tangi la maji safi likianza kujaa lenyewe, mwenye kosa ni vali hiyo. Lisipojaa, tafuta mvujo. Fungua makabati, shika karatasi kavu ya jikoni na uifute kila kona na kila nati, ukianza na pampu, nyuma ya choo, hita na chini ya sinki. Karatasi huona tone ambalo jicho hulipita. Kisha ukanyage sakafu kwa kisigino kuzunguka choo na shawa. Panapobonyea pameanza kuoza. Hita ya umeme isiwashwe mpaka koki ya maji moto itoe maji mfululizo, maana ikiwaka tangi likiwa tupu chuma chake cha kupashia huungua mara moja.

Ukiupata mvujo, uutengeneze kwa ukweli. Gundi na tepu juu ya ufa ni kuahirisha maafa mpaka uwe barabarani, ambako mtikisiko hauachi kitu kimekaa. Kata sehemu iliyopasuka, mkato uwe mnyoofu na safi, uweke kiungio kipya cha kubana kwa pete au cha kusukumiza. Nati za plastiki zikazwe kwa mkono, halafu robo mzunguko tu kwa spana. Nyingi hupasuliwa na mkono wenye nguvu kupita kiasi. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba izungushwe kwenye uzi unaoziba wenyewe. Palipo na mpira wa koni ndani, kazi ya kuziba ni ya mpira, na tepu huuzuia kukaa sawa. Ngozi ya chini ishushwe, maji yamwagwe, feni ikaushe mbao kabisa kabla ya kufunga.

Safarini adui mwingine ni presha ya kambi. Mabomba mengi ya matrela hutumiwa salama kwenye paundi 40 hadi 60, na zipo kambi zinazotoa zaidi ya hapo, hasa usiku watu wanapoacha kutumia maji. Funga kipunguza presha cha paundi 45 au 50 kwenye bomba la kambi lenyewe, kabla ya mpira. Kila mnapotoka kwenda matembezini, hata kama ni saa moja, fungeni maji ya kambi. Kiungio kikiachia mkiwa ndani mtapoteza taulo chache. Kikiachia mmeondoka, maji hayana mwisho.

Na wewe unayetaka kununua trela lililotumika kwa sababu bei imeshuka baada ya msimu: dai liwekewe maji mbele yako kabla ya kulipa. Muuzaji akisema limeshaandaliwa kwa baridi, mjibu kwamba utagharamia dawa nyingine, kisha usikilize pampu kama nilivyoeleza. Tazama pia mabomba chini ya sinki. Ya kijivu yenye chapa ya PB2110 ni polibutileni, yaliyowekwa kwenye nyumba na matrela kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990. Klorini ya maji huyadhoofisha kutoka ndani, na kesi ya pamoja iliyosuluhishwa Marekani mwaka 1995 iliwagharimu watengenezaji mamia ya mamilioni ya dola. Trela la namna hiyo linahitaji mabomba mapya yote, si kiraka. Toa gharama hiyo kwenye bei, au uliache.