Sikukuu Isipoleta Furaha: Mzigo wa Desemba na Wajibu wa Kusikiliza

Kila ifikapo nusu ya pili ya Desemba, Barabara ya Morogoro inayopita Kibaha hujaa mabasi yaendayo Moshi, Arusha, Dodoma na Iringa. Katika kata ya Sofu, majirani huulizana swali lile lile: "Mwaka huu mnakwenda nyumbani?" Kwa wengi swali hilo ni salamu. Kwa wengine ni mwanzo wa usiku mrefu usio na usingizi.

Chukulia mama mmoja wa Sofu anayeuza mboga. Mwanawe amechaguliwa kuanza kidato cha kwanza. Ada ya shule za serikali ilifutwa tangu 2016, lakini sare, viatu na madaftari havijafutwa. Kikoba kinadai rejesho kabla ya mwaka kwisha. Wakwe wanangoja wajukuu na kitoweo. Juu ya hayo, hii ni Krismasi ya kwanza tangu mumewe afariki. Siku moja anafika kituoni akisema ana "presha": kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, tumbo linawaka moto. Anapimwa, presha ni ya kawaida. Anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa apumzike. Hakuna aliyemuuliza anaishije.

Hapo ndipo penye kasoro inayostahili kusemwa wazi. Mama huyu si dhaifu, wala kituo hakikupungukiwa dawa. Kilichopungua ni swali. Huduma za afya zimejiandaa vyema kwa ajali za barabarani za msimu wa sikukuu, lakini hazijajiandaa kwa hofu na msongo wa mawazo unaoletwa na msimu huo huo.

Dalili za mama huyu si za kubuni. Ubongo unapohisi tishio, huamuru mwili umwage homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huongeza kasi, misuli hukaza, usingizi hukimbia. Utaratibu huu humsaidia mtu anayemkimbia nyoka. Tishio likiwa ni deni lisilolipika kwa wiki nzima, mwili hubaki katika hali ya kukimbia bila kufika popote, na mgonjwa mwenye shinikizo la damu au kisukari huzidiwa.

Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha na kuyapa alama kwa kadiri yanavyomlemea mtu. Kifo cha mwenzi wa ndoa kilipewa 100. Krismasi ilipewa 12 tu. Lakini mabadiliko ya hali ya kifedha yalipewa 38, na mabadiliko ya mikusanyiko ya familia 15. Orodha hiyo iliwahusu Wamarekani, hata hivyo funzo lake linafaa Kibaha: sikukuu yenyewe ni nyepesi, kizito ni msafara unaofuatana nayo. Ndivyo ilivyo pia kwa Idi katika nyumba ambayo mfuko umekauka.

Wapo wanaosema msongo wa mawazo ni ugonjwa wa matajiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani waliishi na maradhi ya wasiwasi. Hao hawawezi kuwa matajiri watupu. Wapo pia wanaosema dawa yake ni sala pekee. Sala ni nguzo, na aliyefarijika msikitini au kanisani asinyang'anywe faraja hiyo. Lakini mtu mmoja anaweza kuonana na shekhe au mchungaji asubuhi na kuonana na tabibu mchana. Hakuna anayemzuia mwenzake.

Hoja nzito zaidi ni ya wahudumu wenyewe: foleni ni ndefu, wataalamu wa afya ya akili ni wachache. Ni kweli. Jibu moja limetoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha akina bibi wa Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Washona huiita hali hiyo *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi, neno ambalo mama wa Sofu angelielewa mara moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa walioketi kwenye benchi walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tanzania nayo ilizindua mwaka 2024 mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wahudumu hao wanaweza kufundishwa kusikiliza, na benchi chini ya mwembe halihitaji bajeti kubwa.

Kwa sasa, mhudumu anaweza kuanza na maswali matatu: Unalala vizuri? Nini kinakusumbua zaidi msimu huu? Umewahi kuona afadhali usiwepo? Swali la mwisho halimpandikizii mtu wazo la kujiua. Humfungulia mlango wa kusema. Na diazepamu isigeuzwe njia ya mkato: huleta utegemezi, na ikichanganywa na pombe ni hatari.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, mambo makubwa ni machache. Sema mapema kiasi ulichonacho. Ahadi ndogo iliyotimizwa ina heshima kuliko ahadi kubwa iliyokopewa. Fedha ya shule itengwe kabla ya ile ya kitoweo. Anayesafiri abebe dawa zake za kutosha safari nzima. Pombe hutuliza kwa saa chache na kurudisha wasiwasi maradufu. Moyo ukienda mbio, vuta pumzi taratibu na uitoe taratibu zaidi, kwa dakika chache. Mfiwa asilazimishwe kucheka. Hofu ikidumu zaidi ya wiki mbili, ikizuia kazi au usingizi, nenda kituoni. Wazo la kujidhuru likija, usingoje Januari: nenda siku hiyo hiyo, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, na usiende peke yako.

Mama wa Sofu atarudi kituoni Januari, kichwa kikigonga vilevile. Deni lake halitafutwa na daktari. Lakini akiulizwa, atasema. Na akisema, ataondoka na mpango badala ya vidonge vya maumivu peke yake.