Jina la Nizami kwenye Santuri

Mwaka jana mwenzangu wa darasa alinitumia wimbo kwa simu. Faili ile haikuwa na jina la mwimbaji, wala la mtunzi, wala mwaka. Iliandikwa "Layla" tu. Niliupenda, nikausikiliza wiki nzima, lakini sikujiuliza hata siku moja ni wa nani.

Kisha nikamkuta mjomba wangu akipangusa vumbi kwenye santuri zake. Moja ilikuwa na sahani mbili, na mbele ya jalada palikuwa na mchoro wa msichana mwenye nywele za rangi ya dhahabu, bila jina la bendi wala la santuri. Mjomba akanipa sahani ya kwanza mkononi, akasema, "Soma lebo kabla haijaanza kuzunguka, mwanangu." Nikasoma. Wimbo wa kwanza wa upande wa pili, "I Am Yours", watunzi wake ni wawili: Clapton na Nizami. Nilishtuka. Nizami nilimfahamu kutoka somo la fasihi linganishi. Anatafuta nini katikati ya gitaa za umeme?

Santuri hiyo ni *Layla and Other Assorted Love Songs* ya kundi la Derek and the Dominos, iliyorekodiwa Miami, Marekani, mwaka 1970, chini ya usimamizi wa Tom Dowd. "Derek" alikuwa Eric Clapton, Mwingereza aliyempenda Pattie Boyd, mke wa rafiki yake George Harrison. Akiwa katika mateso hayo alipewa kisa cha Layla na Majnun. Ni kisa cha Waarabu cha zamani, ambacho Nizami wa Ganja alikitunga upya kwa Kiajemi mwaka 1188: kijana Qays ananyimwa binti anayempenda, anarukwa na akili, watu wanamwita Majnun, yaani mwendawazimu. Clapton alijiona humo.

Wengi husema santuri hii inadumu kwa sababu ya gitaa mbili, ya Clapton na ya Duane Allman, zinavyojibizana. Sikatai. Lakini kwa maoni yangu inadumu pia kwa sababu ni kazi inayokopa waziwazi. Kati ya nyimbo zake 14, kadhaa ni za watu wengine, na lebo inawataja. Kuna wimbo wa Jimmy Cox ulioimbwa na Bessie Smith mwaka 1929. Kuna "Key to the Highway" wa Charles Segar na Big Bill Broonzy, ambao unaanza kusikika polepole kwa sababu wanamuziki walikuwa wameshaanza kupiga kabla mitambo ya kurekodi haijawashwa. Kuna "Little Wing" wa Jimi Hendrix, uliorekodiwa siku chache tu kabla Hendrix hajafariki, tarehe 18 Septemba 1970. Tazama ajabu yake: mwenye jina kubwa alijificha nyuma ya jina la kubuni, na Uingereza santuri hiyo haikuingia hata kwenye orodha ya zinazouzwa sana ilipotoka. Lakini waliokopwa waliandikwa.

Najua mtakalonijibu. Kutaja jina si kulipa deni. Bluzi ni muziki wa Waamerika Weusi, na mara nyingi vijana wa Uingereza ndio waliotajirika nayo kuliko walioianzisha. Ni kweli, na lebo peke yake haiwezi kuusawazisha udhalimu huo. Tena santuri hii yenyewe haina usafi wote. Sehemu ya piano inayofunga wimbo "Layla", ambayo watu wengi huipenda kuliko zote, imeandikwa kwa jina la mpiga ngoma Jim Gordon pamoja na Clapton. Mwimbaji Rita Coolidge anasema sauti zile zilitoka katika wimbo alioutunga yeye pamoja na Gordon, na jina lake halimo. Nusu karne imepita, na bado analisema. Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa jina: likiandikwa, tunaweza kuanza kudai haki, lisipoandikwa, mtu atatumia maisha yake yote akieleza kwamba alikuwepo.

Kwa nini basi santuri, na si simu? Kwa sababu santuri inakulazimisha kuinuka. Sahani mbili ni pande nne, na "Layla" uko upande wa nne, wimbo wa kumi na tatu. Mpaka uufikie, umeshika sahani mkononi mara kadhaa na macho yako yamepita kwenye majina. Simu nayo inaweza kuyabeba majina hayo. Ni sisi tunaoyaacha njiani tunapotumiana.

Ndugu wanafunzi, naandika haya kwa sababu yanatuhusu. Tunajua jinsi kazi zetu za mwisho wa masomo zinavyoandikwa: ukurasa unatolewa kwenye kazi ya mwaka wa nyuma, nayo iliutoa kwenye silabasi, nayo iliutoa mahali ambapo hakuna anayepakumbuka. Mimi pia nimefanya hivyo, na nikapata alama nzuri. Mkopo si dhambi. Nizami mwenyewe alikopa kwa Waarabu, na fasihi yote imekua hivyo. Dhambi ni kufuta jina la mwenye mali.

Nilimrudia yule mwenzangu nikamtumia wimbo ule ule, safari hii pamoja na majina: Clapton, Gordon, Allman, na Nizami. Nikaongeza la Coolidge, na maelezo kwa nini. Akanijibu, "Huyu Nizami ni nani?" Tuliongea mpaka usiku.